Shule za mbio za magari: Nani hulipa, nani hufaidi?

Methali yetu mashuhuri yatuambia kwamba mcheza kwao hutuzwa. Walimu wa Kiswahili twaifundisha kila mwaka, na mifano ya kuithibitisha haitupungukii. Mchezaji kandanda hulipwa na klabu yake, mwanariadha wetu huenda Boston au London akarejea na zawadi, na hata mcheza ngoma kijijini hubandikwa noti kwenye paji la uso. Hata hivyo, upo mchezo mmoja ambao umeipindua methali hii juu chini. Katika mchezo huo, anayecheza ndiye anayetuza. Hulipa ili acheze, hulipa zaidi akicheza vibaya, na aghalabu hulipa zaidi na zaidi kadiri anavyozidi kuwa hodari. Mchezo wenyewe ni mbio za magari.

Mkenya aliyezoea matatu huenda akaona jambo hili kuwa kioja. Dereva wa matatu hukabidhiwa gari la mwenyewe alfajiri, akazunguka nalo kutwa, na jioni akapeleka kiasi cha fedha walichokubaliana. Kinachosalia ni riziki yake na ya utingo wake. Dereva wa mbio za ridhaa naye hukabidhiwa gari la mwenyewe asubuhi, akazunguka nalo, na jioni akarudi nyumbani mfuko ukiwa mtupu. Hana abiria, hana nauli, na mahali alipofikia ni pale pale alipoondokea. Lakini atarudi tena wiki ijayo akiwa na furaha tele!

Huenda msomaji akajiuliza mwalimu wa isimu amejuaje habari za injini na matairi, na zamhusu nini. Jibu langu ni kwamba biashara hii imejengwa juu ya shule. Zipo shule ambazo kazi yake ni kufundisha watu kushindana kwa magari, nazo huwatoza karo, huwapa vyeti, na huwapanga kwa madaraja. Swali linalozikabili ni lile lile linalotukabili sisi sote tulioshika chaki: je, shule inayoishi kwa karo ya mwanafunzi yaweza kumwambia mwanafunzi huyo ukweli kuhusu uwezo wake? Nanuia katika makala haya kuonyesha jinsi shule hizo zinavyopata fedha na jinsi zinavyozipoteza, kwani jibu la swali letu limo humo.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, mchezaji asiyelipwa twamwita mchezaji wa ridhaa, kama tusemavyo ndondi za ridhaa. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kukubali na kutosheka. Waingereza na Wafaransa nao hutumia neno lenye asili ya Kilatini ambalo shina lake ni kupenda. Lugha hizi zimefika mahali pamoja kwa njia mbalimbali: mtu wa ridhaa ni yule anayefanya jambo kwa kuwa moyo wake umeridhia, si kwa kuwa mkono wake umepokea. Biashara nzima ninayoizungumzia imesimama juu ya ridhaa hiyo. Kwa maneno mengine, kinachouzwa ni nafasi ya kufanya kitu unachokipenda.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kuligeuza jambo hili kuwa biashara ya kudumu alikuwa Jim Russell, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa mbio za magari madogo ya injini za 500cc. Mnamo 1957 alifungua shule ya madereva wa mbio katika uwanja wa Snetterton, mkoani Norfolk. Kabla ya hapo, aliyetaka kushindana hakuwa na budi kununua gari, kutafuta fundi, na kujifunza kwa kugonga ukuta. Russell alitambua kwamba wapo watu wengi wenye hamu ya mbio lakini wasio na uwezo au nia ya kununua gari. Akawauzia siku badala ya kuwauzia gari.

Punde si punde, walioanzisha shule za namna hii waligundua jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulikisia. Wengi wetu twadhani kwamba kinachokula fedha katika mbio ni petroli. La hasha! Petroli ni senti tu ukilinganisha na matairi, injini zinazopasuka na magari yanayovunjwa. Tairi la mbio hutengenezwa kwa mpira laini ili ling'ang'anie lami, na kwa sababu hiyo hiyo huliwa haraka. Injini ya mbio nayo hukamuliwa hadi tone la mwisho la nguvu zake, na haina budi kufunguliwa na kuundwa upya baada ya muda mfupi. Sasa ukimpa mwanafunzi asiyejua kitu gari la aina hiyo, atakumalizia matairi kabla hajajifunza kukata kona moja.

Katika uwanja wa Brands Hatch, kusini-mashariki mwa London, palikuwa na shule iliyoitwa Motor Racing Stables, nayo ilikuwa inasumbuliwa na tatizo hilo hilo. Mkuu wake, Geoff Clarke, pamoja na John Webb aliyekuwa msimamizi wa uwanja, walipata wazo lililo rahisi mno. Chukua umbo la gari la mbio, ulitie injini ya kawaida ya Ford Cortina, gari lililokuwa likiendeshwa na waalimu na makarani kila siku, kisha ulivishe matairi ya barabarani. Gari hilo halitakuwa na kasi kubwa, lakini litadumu, na mwanafunzi atajifunza yale yale. Kampuni ya Ford iliunga mkono mpango huo, na tarehe 2 Julai 1967 mbio za kwanza za magari hayo zikafanyika papo hapo Brands Hatch. Yakaitwa Formula Ford, na ikawekwa kanuni kwamba bei ya gari zima isizidi pauni 1,000.

Natamani kila mwanafunzi wa uchumi aikumbuke habari hii. Daraja la mbio ambalo kwa miongo kadhaa liliwalea madereva wakubwa wa dunia halikuzaliwa katika maabara ya wahandisi wala katika kikao cha matajiri. Lilizaliwa katika daftari la hesabu la shule iliyochoshwa na kununua matairi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tarakimu nitakazotumia ni za kubuni, kwa ajili ya mfano tu, lakini utaratibu wake ndio ule ule ulimwenguni kote. Tuseme shule ina magari 12. Kukodi uwanja kwa siku moja, pamoja na mishahara ya wakufunzi na mafundi, gari la wagonjwa, bima, na sehemu ya uchakavu wa magari, ni Sh1,200,000. Fedha hizo zitatoka hata kama hatatokea mwanafunzi hata mmoja. Zaidi ya hizo, kila gari likiingia uwanjani hula Sh40,000 za matairi, breki na petroli. Wakija wanafunzi 12, kila mmoja atagharimu Sh140,000. Wakija sita, kila mmoja atagharimu Sh240,000. Wakija watatu, gharama itapanda hadi Sh440,000 kwa kila kichwa. Shule haiwezi kumtoza mtu Sh140,000 leo na Sh440,000 kesho kwa kosa la wenziwe kutofika. Kwa hivyo itameza hasara.

Msomaji ataona kwamba adui mkubwa wa shule hizi ni kiti kitupu, kuliko hata gari lililovunjika. Ni adui yule yule wa mwenye matatu, wa mwenye hoteli, na wa shule ya binafsi iliyojenga mabweni ya wanafunzi 500 ikapata 200. Gharama kubwa imekwisha kulipwa kabla ya mgeni wa kwanza kubisha hodi. Kila mgeni anayeongezeka baada ya hapo ni neema.

Kutokana na hesabu hiyo ndipo lilipozaliwa tawi la pili la biashara hii, ambalo wenyewe huliita kwa maneno yenye maana ya "fika uendeshe". Mwanafunzi akishamaliza mafunzo, shule haitaki aondoke. Humwambia: usinunue gari. Sisi tunayo magari, mafundi na matairi. Wewe njoo na kofia yako ya chuma na ovaroli isiyoshika moto, ukae kwenye kiti, ushindane na wenzio waliofuzu kama wewe. Ukimaliza, shuka, oga, nenda zako. Gari likiwa chafu tutaliosha, likiwa bovu tutalitengeneza.

Wazo hilo si geni kwetu. Nani hununua hema na viti 300 kwa ajili ya arusi moja? Watu hukodi. Mwenye hema hufaidika kwa sababu hema lake huenda kwenye arusi Jumamosi hii na kwenye mazishi Jumamosi ijayo, na aliyekodi hufaidika kwa sababu halimwozei ghalani. Gari la mbio la mtu binafsi ni hema lililonunuliwa kwa arusi sita kwa mwaka. Siku nyingine zote zilizobaki hulala gerejini, likimdai mwenyewe nafasi, fundi, trela ya kulibebea na vipuri. Uchakavu haujui mapumziko. Mwenye kukodi hulipa fedha nyingi kwa siku, lakini gari likitoka machoni pake limetoka pia mfukoni mwake.

Pana jambo moja hata hivyo linaloutofautisha ukodishaji huu na ule wa hema: gari la mbio hukodishwa kwa mtu ambaye umemwomba alikimbize mpaka kikomo chake. Je, akiligonga? Bima ya kawaida ya gari haigusi mambo ya uwanjani. Shule ikisema kwamba itatengeneza kila kitu bure, wateja wataendesha kama wendawazimu, maana cha kuazima hakina uchungu. Ikisema kwamba mteja atalipa kila shilingi ya uharibifu, wateja wataingiwa na hofu, nao hawatajifunza wala hawatarudi. Suluhisho lililoenea ni la katikati. Mteja huweka amana, na akiharibu hulipa mpaka kiwango kilichotajwa katika mkataba. Kinachozidi hapo hubebwa na shule. Hali kadhalika, saa ya mzunguko wa injini huwekwa mshale unaobaki pale mzunguko ulipofika juu kabisa. Jioni fundi hutazama mshale huo, na aliyepita kikomo hana pa kujitetea. Kumbe hata katika mchezo wa kasi, biashara husimama kwa kufundisha kujizuia.

Marekani ndiko mtindo huu ulikostawi sana. Mnamo 1975, Skip Barber, dereva aliyewahi kushiriki mbio kadhaa za Formula One, alifungua shule jimboni Connecticut akiwa na magari mawili ya kuazima na wanafunzi wanne. Nasisitiza: magari mawili, wala hayakuwa yake. Muda si muda akaanzisha msururu wa mbio za wanafunzi wake mwenyewe, ambamo magari yote yalikuwa ya shule na yalitunzwa na mafundi wa shule. Shule ikakua ikawa miongoni mwa kubwa kabisa katika nchi hiyo.

Faida moja kubwa ya shule hizi ni kwamba zinahitaji viwanja wakati ambapo hakuna mwingine anayevihitaji. Uwanja wa Lime Rock, papo hapo Connecticut, ni mfano mzuri. Tangu amri ya mahakama ya 1959 hauruhusiwi kufanya mbio siku ya Jumapili. Kwa uwanja wa michezo, kukosa Jumapili ni kama duka la vitabu kukosa mwezi wa Januari. Ni nani basi atakayeujaza uwanja Jumanne asubuhi? Ni shule. Mwanafunzi huomba ruhusa kazini, akaja siku ambayo watazamaji hawapo, akalipia lami ambayo ingelala bure.

Mwanafunzi huyo ni nani? Wengi hudhani ni kijana wa miaka 17 anayeota kuwa bingwa wa dunia. Wapo hao, lakini aghalabu mlipaji mkuu ni mtu mzima mwenye kazi nzuri: daktari wa meno, wakili, mfanyabiashara. Mfano maarufu ni mwigizaji Paul Newman, aliyefundishwa na Bob Bondurant alipokuwa akijiandaa kwa filamu ya Winning iliyotoka 1969. Newman alianza kushindana akiwa na umri wa miaka 47, na mnamo 1979 gari alilolishiriki na Rolf Stommelen na Dick Barbour likawa la pili katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Watu kama hao hawatafuti ajira. Wamekuja kwa ridhaa, kwa maana kamili ya neno hilo. Hao ndio wanaolipa mishahara ya wakufunzi, na kwa mgongo wao yule kijana mwenye kipaji hupata mahali pa kujifunzia.

Hapo ndipo penye uzuri wa mpango huu, na ndipo penye mtego wake. Uzuri wake ni kwamba wengi wanaocheza humbeba mmoja anayekwea. Nchini Ufaransa, kampuni ya mafuta ya Elf ilidhamini shindano katika shule ya mbio ya Winfield. Wanafunzi walipimwa kwa magari yanayofanana, na mshindi akapewa msimu mzima wa mbio uliolipiwa. Mnamo 1975 alishinda kijana mmoja mfupi aliyeitwa Alain Prost. Baadaye akawa bingwa wa dunia mara nne: 1985, 1986, 1989 na 1993. Naye Emerson Fittipaldi wa Brazil alikwenda Uingereza 1969, akapitia mikononi mwa Jim Russell, na kufikia 1972 alikuwa bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 25.

Mtego ni huu: kwa kila Prost mmoja wapo mamia waliolipa karo ile ile, na ambao majina yao hayajulikani hata na majirani. Shule ikitangaza biashara yake hubandika picha ya Prost, haibandiki picha ya hao mamia. Ndoto huuzwa kwa jina la mmoja, na malipo hutoka kwa wengi. Kwa daktari wa meno hapana neno, maana Jumatatu atarudi kwenye meno yake. Lakini kwa kijana ambaye wazazi wake wameweka nyumba rehani, kila cheti cha shule ni mwaliko wa kulipa tena.

Nitatoa mfano mmoja unaonigusa. Mnamo 1998 Jonathan Palmer, daktari wa tiba aliyepata kuwa dereva wa Formula One, alianzisha nchini Uingereza mashindano yaliyoitwa Formula Palmer Audi. Yalikuwa "fika uendeshe" kamili: magari yote yalifanana, yote yalitunzwa chini ya paa moja, na dereva alilipa ada moja. Bingwa wa mwaka huo wa kwanza alikuwa Justin Wilson, na zawadi yake ilikuwa msimu wa 1999 katika daraja la juu la Formula 3000. Kijana alikuwa na kipaji kisichopingika. Lakini alipopata nafasi katika Formula One mwaka 2003, fedha zilikosekana, ikabidi wasimamizi wake wauze hisa. Ndiyo, mwananchi wa kawaida aliweza kununua hisa katika mapato ya baadaye ya binadamu mwenzake, na mamia walinunua. Wilson aliendelea na kazi yake Marekani, na Agosti 2015 akafariki baada ya kipande cha gari lililogonga ukuta mbele yake kumpiga kichwani katika uwanja wa Pocono. Alikuwa na umri wa miaka 37. Hesabu za mchezo huu zina safu moja ambayo haijazwi kwa fedha.

Palmer naye alijifunza somo la kiti kitupu na la lami tupu. Mnamo 2004 kampuni yake ilinunua Brands Hatch, Snetterton na viwanja vingine viwili. Mwenye magari akawa pia mwenye viwanja. Kodi aliyokuwa akiwalipa wengine ikawa yatoka mfuko wake wa kulia kuingia wa kushoto.

Huenda msomaji akauliza: kwani ni lazima mchezaji alipe? Je, haiwezekani mlango ufunguliwe kwa wote wenye kipaji? Jambo hilo limejaribiwa. Mnamo 2019 yalianza mashindano ya wanawake yaliyoitwa W Series. Magari yalifanana, madereva walichaguliwa kwa uwezo, na hawakutozwa hata senti. Zaidi ya hayo, bingwa alitengewa dola 500,000. Jamie Chadwick wa Uingereza alinyakua ubingwa 2019, 2021 na 2022. Hata hivyo, msimu wa 2022 ulikatizwa kwa kukosa fedha, na mwaka uliofuata kampuni ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Mashindano ya F1 Academy yaliyoanza 2023 yalichukua njia ya kati: waandaaji waligharamia sehemu ya kila gari, na dereva akatakiwa kuleta yuro 150,000. Funzo ni chungu lakini ni la kweli. Ukimwondolea mchezaji gharama, gharama haifi, bali huhamia kwa mwingine, na huyo mwingine akichoka mchezo husimama.

Wala wanaotoza karo hawajasalimika. Shule ya Skip Barber, ambayo mwanzilishi wake alikuwa ameiuza mwaka 1999, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2017. Shule ya Bondurant, iliyofunguliwa 1968, ilifuata nyayo hizo 2018. Zote mbili zilipata wamiliki wapya, na ile ya Bondurant ikabadilishwa jina. Shule zenye majina makubwa, wahitimu mashuhuri na miaka 40 au 50 ya sifa zilifika mahakamani kama kioski kilichoshindwa kulipa kodi ya nyumba. Sifa haimlipi fundi mshahara.

Kwetu Kenya mbio za magari zimekuwa za barabara za vumbi tangu Safari Rally ilipoanza 1953, na historia yake yathibitisha hesabu hizi. Joginder Singh aliyeshinda 1965, 1974 na 1976 alilelewa katika gereji ya babake, na ushindi wake wa kwanza aliupata kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika. Asiyekuwa na gereji wala mali ya ukoo alibaki kando ya barabara akishangilia. Ndiyo maana ilikuwa habari njema McRae Kimathi aliposhiriki mbio za dunia za vijana nchini Uswidi mwaka 2022, katika daraja ambalo madereva wote hupewa Ford Fiesta zinazofanana zinazotunzwa na kampuni moja. Huo nao ni "fika uendeshe", na bado wadhamini walihitajika. Kwa kijana wa kawaida wa Nairobi, mlango ulio karibu zaidi ni vile vigari vidogo vya gokati vinavyokodishwa kwa dakika. Ni mchezo wa watoto siku za sikukuu, lakini mpango wake wa fedha hautofautiani na ule wa Brands Hatch.

Narudi sasa kwenye swali la mwalimu. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, vyuo vikuu vyetu vya umma vilikuwa vimeanza tu kupokea wanafunzi wa kujilipia karo kamili. Mjadala ulikuwa mkali: je, mhadhiri atathubutu kumwangusha anayemlipa? Tangu hapo nimeona kwamba swali hilo haliishi. Hubadilisha mavazi tu. Shule ya binafsi yenye njaa ya karo, chuo cha kompyuta chenye vyeti vya rangi, akademia ya kandanda inayomwahidi kila mtoto Ulaya, zote zinakabiliwa na kishawishi hicho cha kumwambia mteja anachotaka kusikia.

Shule za mbio zina kinga moja ambayo sisi wengine hatuna. Maadamu magari yote yanafanana, saa husema kweli. Mwanafunzi aliyezunguka uwanja kwa sekunde 62, ilhali mwenzake katika gari lile lile amezunguka kwa 59, hawezi kumlaumu fundi, wala mkufunzi hawezi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Karani wa fedha angependa mteja huyo arudi mwezi ujao, lakini saa imekwisha kunena. Kufananisha magari kulianza kama mbinu ya kupunguza gharama, kukawa mtihani usiohongeka. Na ajabu ni kwamba wateja wengi huusikia ukweli huo, wakatabasamu, wakalipa tena. Walikuja kwa ridhaa, na ukweli haukuwaondolea ridhaa yao. Wanajua wananunua nini.

Naona hapo ndipo penye jibu. Karo si dhambi, na mteja si adui wa elimu. Dhambi ni kuuza burudani kwa bei ya ajira, au kuuza bahati nasibu kwa jina la mafunzo. Anayefungua shule yoyote ile, iwe ya magari au ya isimu, ana deni la mambo matatu kwa anayelipa. Kwanza, amweleze gharama nzima tangu siku ya kwanza, si ya cheti cha kwanza pekee. Pili, ampime kwa kipimo kimoja na wenziwe, na ampe matokeo bila kuyapamba. Tatu, amwambie ni wangapi waliopita mlango huo na wangapi waliofika walikoahidiwa. Akishayajua hayo matatu na bado akatoa fedha zake, basi ametoa kwa ridhaa, na hapana wa kumlaumu.

Na wewe mwanafunzi unayesoma haya, siku utakapoonyeshwa picha ya bingwa mmoja kwenye tangazo la shule, usiulize amefikaje hapo. Uliza wako wapi wale wengine waliolipa pamoja naye.